Watu 17, Bi Mkubwa mmoja na maji ya Menai: uchambuzi wa plani ya kukodi boti ya familia Fumba

Kisa chenyewe kiko hivi. Familia moja ya Mbweni, Unguja, ndugu zao wa Maskati, Oman, wamekuja likizo ya Julai, wanataka siku moja wote wawe baharini, wakodi chombo kizima wazunguke Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja, kutokea Fumba, wale samaki kisiwani, watoto waogelee, jioni warudi mjini. Idadi watu 17 kwa hesabu ya kwanza, na hiyo hesabu ya kwanza ishike vizuri maana ina mambo yake huko mbele. Ndani ya hao 17 kuna Bi Mkubwa wa miaka zaidi ya 70, magoti yamechoka, anatembea na mkongojo, ana sukari na presha. Kuna mtoto wa miezi minane. Kuna watoto sita wa skuli. Wanaojua kuogelea kwelikweli ni wanne, na wawili kati yao ni watoto wa Maskati waliofundishwa kwenye bwawa ambalo maji yake hayaendi popote. Tarehe waliyochagua ni Jumamosi, mwezi 16 mwandamo, yaani siku ya 16 tangu mwezi kuandama, kuondoka saa nne asubuhi baada ya chai.

Aliyepanga ni kijana wao mkubwa, rafiki yangu wa siku nyingi, na plani alikuwa keshaitupa kwenye grupu la wasap imepangwa vizuri tu, picha ya boti ipo, menyu ipo, nani analeta spika ipo. Akanitumia mie niitupie jicho kwa vile nimekulia Bweleo, jirani na Fumba. Nikaisoma yote mpaka chini, na nikaona kitu kimoja tu hakimo, bahari. Watu walikuwa wamepanga siku kwa kalenda ya ofisi na tiketi ya ndege, hakuna hata mmoja aliyeuliza maji siku hiyo yako wapi saa ngapi.

Na hili ndo nataka nilichambue kwa kirefu, kwa sababu mambo yote mengine ya safari hii, bei, aina ya chombo, chakula, nani akae wapi, yalikuja kubadilika kutokana na hilo moja.

Tuanze na maji yenyewe. Unguja bahari yetu inapanda na kushuka sana, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inafika kama mita nne, na pwani za huku kusini ni za kina kifupi, kwa hiyo mita nne za kwenda juu chini zinakuwa mamia ya mita za kwenda nje. Mzee yeyote wa Fumba atakwambia hesabu hii bila simu: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi, halafu kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 40 au 50. Sasa chukua mwezi 16. Maji yanakupwa karibu na saa tano asubuhi, na ni bamvua. Familia inafika Fumba saa nne kamili, na boti iko mbali huko nje imeelea kwenye maji ya kiunoni, na kati ya ufuo na boti kuna tope, majani ya bahari, mawe yenye ncha, na ile miba myeusi inayovunjikia ndani ya mguu. Kijana wa miaka 20 anaona raha, anavua viatu anapiga na selfi. Bi Mkubwa na mkongojo wake afanyeje? Wambebe kwenye kiti kama bibi harusi? Rafiki yangu akasema "tutambeba, vijana tupo". Nikamwambia sawa mtambeba, ila kumbuka vijana wenyewe watakuwa wanateleza, na mama wa kizanzibari wa umri ule umbebe mbele ya mabaharia asiowajua, muulize kwanza kama anataka. Hakuwa ameulizwa. Alipoulizwa alisema yeye atabaki nyumbani, nendeni nyinyi, na hapo ndo kila mtu akashtuka maana safari nzima ilikuwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo swali likageuka. Likawa hivi: siku gani maji ya Fumba yanamfuata Bi Mkubwa badala ya yeye kuyafuata maji?

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mwezi 23. Hayo ni maji mafu. Yanajaa kwenye saa nne na nusu asubuhi, yanakupwa kwenye saa kumi na nusu jioni, na kupwa kwenyewe ni kwa uvivu, hayatoki mbali. Ukifika saa tatu maji yako karibu yanakusubiri, ukirudi saa tisa au saa kumi bado chombo kinasogea karibu na ufuo. Kwa mtu wa magoti hiyo ndo siku.

Ila ina gharama yake, na hapa familia iligawanyika kwelikweli. Watoto, na shemeji mmoja ambaye kwa moyo ni mtoto pia, walikuwa wameahidiwa fungu, lile fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari unaloliona kwenye kila picha ya Menai. Fungu ni la bamvua. Maji yakitoka sana linatoka kubwa, unaweza kucheza mpira. Siku ya maji mafu, nahodha aliwaambia wazi, kubwa lote halitoki, kinabaki kichwa chake tu. Shemeji akaona ameibiwa. Mie nikawaonyesha upande wa pili wa hiyo sarafu: fungu la bamvua ni kubwa lakini lina saa zake, maji yakianza kurudi yanarudi kwa kasi, mtu ameweka mkeka na hotpoti mbili za pilau anajikuta anakimbizana na maji huku watoto wametawanyika. Kichwa kidogo kinachokaa muda mrefu, kwa watoto sita na mama wanaowahesabu kila dakika tano, si kibaya.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa bara na ndugu zetu wa Uarabuni huwa hawalipi uzito, upepo. Likizo za skuli za Oman ni za kiangazi chao, Juni mpaka Agosti, na huo ndo msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, huku kwetu. Kila mwaka ndugu wanakuja wakati kusi limeshika. Sio msimu mbaya, kuna ubaridi, hakuna mvua ya masika, ila Ghuba ya Menai mdomo wake umefunguka upande wa kusi, kwa hiyo wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kisiwa chote cha Unguja kinakukinga mgongoni na bahari inalala, lakini Julai upepo unaingia kwa mlango wa mbele. Visiwa vya Kwale na Pungume na miamba yake vinasaidia kuvunja mawimbi, havizuii yote. Na asubuhi upepo huwa mdogo, mchana unapanda.

Sasa unganisha haya mawili, ndo utaelewa kwanini mie nilikuwa upande wa mwezi 23 hata kama Bi Mkubwa asingekuwepo kwenye listi. Asubuhi ya bamvua maji yanatoka kwa nguvu kuelekea kusini, na kusi linavuma kuja kaskazini. Maji na upepo yakipambana uso kwa uso mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama, chombo kinagonga, na kwenye mikondo kati ya visiwa ndo zaidi. Watu wanaanza kutapika kabla hata hawajafika. Siku ya maji mafu mkondo ni dhaifu, upepo uleule lakini bahari ina adabu kidogo. Hii ni kitu ambacho appu ya hali ya hewa kwenye simu haikuambii kwa sababu inakupa upepo peke yake na maji peke yake, kuviweka pamoja ni kazi ya kichwa chako au ya nahodha.

Kikwazo kikubwa cha mwezi 23, na hiki nilikikubali, ni kwamba ndugu wa Maskati walikuwa wanaondoka Jumatatu. Ukiiweka safari ya bahari siku mbili kabla ya ndege unabaki na siku moja tu ya akiba, Jumapili. Upepo ukikataa siku zote mbili, basi. Mwezi 16 ungewapa wiki nzima ya kuahirisha. Hoja hii ni nzito na kama familia isingekuwa na mzee wala mtoto mchanga ningesema chukueni mwezi 16, ondokeni alfajiri maji yakiwa bado yapo, mnalikuta fungu limetoka, Kwale mchana, mnarudi saa kumi maji yamejaa hadi mlangoni. Ila ukiwaambia watu 17 wa Mbweni wawe Fumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi na watoto wamevaa, unajidanganya. Tulikwenda na mwezi 23, Jumapili iwe akiba, na Jumapili ikatangazwa kwenye grupu tangu mwanzo kwamba hakuna kuweka mualiko mwengine.

Basi chombo. Rafiki yangu alikuwa na ofa tatu. Ya kwanza boti la faiba la injini mbili, linakimbia, picha zake kali. Ya pili mashua kubwa ya mbao yenye tanga na injini, ina turubali la kivuli, mabenchi pembeni. Ya tatu mtu wa kati ambaye hana chombo, anakutafutia. Bei ya huyu wa tatu ilikuwa karibu nusu ya wengine na kamati ya grupu ilishampenda. Nikamwambia muulize maswali manne tu kwa meseji ili yabaki yameandikwa: petroli imo? Chakula na mkaa vimo? Ada ya hifadhi kwa wasio raia imo? Nahodha ni nani na chombo kina leseni ya abiria wangapi? Ada ni kitu cha kweli, Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, kilomita za mraba 470, na wageni wanalipia, na nusu ya familia hii ina pasi za Oman hata kama kiswahili chao kinatushinda sisi. Majibu yalipokuja na kujumlishwa, ile bei nusu ilikuwa imepanda mpaka inakaribia ya mashua, na swali la leseni halikujibiwa, likajibiwa kwa "usijali kaka". Hiyo mie huwa naihesabu kama jibu.

Kati ya faiba na mashua hakukuwa na mjadala mrefu. Faiba ni ya watu wachache wanaokwenda haraka, kwenye mawimbi inaruka, na mtu wa mgongo au magoti akiruka nayo mara kumi siku yake imekwisha. Mashua inakwenda polepole, inalala juu ya maji, ina kivuli, kuna mahali pa kumlaza mtoto katikati. Na wakati wa kurudi kusi liko nyuma yako, wanazima injini wanatweka tanga, hiyo raha faiba haikupi kwa pesa yoyote.

Choo! Hakuna anayeandika choo kwenye plani. Mashua nyingi hazina. Kwa wanaume hilo si tatizo la kuzungumza, kwa kina mama wa baibui na Bi Mkubwa mwenye sukari anayekwenda choo kila baada ya muda ni suala la kwanza kabisa, na mama akijua hakuna choo anaacha kunywa maji kuanzia alfajiri, halafu mchana kichwa kinamuuma watu wanasema ni bahari. Kwa hiyo ratiba ilipangwa kwa choo: kabla ya kupanda, Fumba, halafu moja kwa moja Kwale ambako kuna mabanda, fungu liwe baadaye. Ratiba ya kawaida ya watalii ni kinyume, fungu kwanza. Nahodha alikubali bila shida, yeye kwake ni njia tu, na kwa maji ya siku hiyo ilikuwa bora zaidi maana fungu lingezidi kutoka kadri mchana unavyokwenda, na ile sehemu ya maji ya kijani ndani ya mikoko ya Kwale inataka maji yakiwa yamejaa.

Shemeji alikuwa na ajenda yake ya pomboo. Alitaka Kizimkazi, pomboo, halafu Kwale, halafu fungu, halafu Pungume, siku moja. Kizimkazi iko upande wa pili kabisa wa ghuba, na ni upande ulio wazi kwa kusi. Kwa mashua ungekula siku nzima njiani. Kama shida ni pomboo, nendeni Kizimkazi siku nyengine kwa gari, asubuhi mapema, na mkifika mpitie na msikiti wa kale wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107, Bi Mkubwa hilo atalipenda kuliko pomboo. Menai pomboo wanapita hata huku Fumba, ukiwaona umewaona, lakini usimlipe mtu kwa ahadi ya mnyama, na mkiwaona msimwambie nahodha awafukuze.

Sasa ile hesabu ya kwanza. Mashua ilikuwa na ruhusa ya abiria 20. Familia 17. Nafasi imebaki ya watatu, safi. Jumatano ikasikika shangazi wa Mwanakwerekwe hajaalikwa na amekasirika. Alhamisi shangazi akaalikwa, na shangazi haendi peke yake, anakwenda na binti yake na wajukuu watatu. Na rafiki wa mtoto wa Maskati. Jumla 23. Kwenye grupu kila mtu anasema "ni watoto tu hao, wanakaa mapajani". Ami mmoja akampigia nahodha simu mwenyewe, kwa heshima zote, "nahodha, tubebe tu bwana, watatu ni kitu gani". Nahodha akamjibu, "mtoto naye ni mtu, sheikh, na boya lake la kuvaa silo la mkubwa". Na akakata maneno hapo. Ami alinuna. Mie nilimpenda yule nahodha kuanzia dakika ile.

Hapa sitaki kuzungusha. Sisi watu wa visiwa hivi tunajua kabisa chombo kujaa maana yake nini. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 usiku ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi, na hakuna mtaa Unguja na Pemba ambao haukuweka matanga. Meli ya Skagit ilizama Julai 18, 2012, karibu na kisiwa cha Chumbe, yaani hapo tu ukitoka Fumba ukazunguka, msimu huuhuu wa kusi. Miaka hiyo kila mtu alisema hatutarudia. Halafu ikifika siku ya pikniki mtu mzima anaomba nafasi ya watatu zaidi kwa sababu ni ndugu. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini inaweka idadi ile kwa kupima chombo, haiweki kwa kukuchukia.

Suluhisho lilikuwa kwenye kitu ambacho nilikuwa nimewapendekezea tangu mwanzo wakakikataa kwa bajeti: kukodi na boti ndogo ya faiba ya kufuatana na mashua. Vijana watano wakubwa wanaojiweza wakapanda humo na maboksi ya barafu, maji, mkaa na vyombo. Mashua ikabaki na 18, chini ya idadi yake, na imepungua mzigo. Ila faida kubwa ilikuwa nyengine. Boti ndogo inafika hadi maji ya gotini, Bi Mkubwa anapanda humo akiwa amekaa, inamsogeza mpaka ubavuni mwa mashua kwenye ngazi. Na katikati ya siku, mtu yeyote akizidiwa, mtoto akipata homa, mzee akisema nimechoka, kuna chombo cha kumrudisha Fumba bila watu wengine 22 kuvunja siku yao. Kwa gharama iliongeza kama sehemu ya tano juu ya bei ya mashua. Kwa familia yenye mzee mie naona hiyo ndo pesa ya maana kuliko kamba na pweza wa ziada.

Advansi walitoa nusu, na mazungumzo ya advansi yalikuwa na funzo lake. Yule mtu wa kati alisema pesa yake hairudi hata upepo ukija. Mwenye mashua alisema nahodha akikataa bahari, pesa inahama kwenda Jumapili, Jumapili nayo ikikataa anarudisha akitoa gharama ya vyakula vilivyonunuliwa. Watu huona hili ni suala la kulinda mfuko wao. Mie naliona tofauti: nahodha ambaye akiahirisha anapata hasara, na abiria ambao wakiahirisha wanapata hasara, wote wawili watatoka siku ambayo hawakutakiwa kutoka. Masharti ya pesa ndo yanayoamua kama mtu atasema hapana. Kwa hiyo hilo liandikwe kabla ya menyu.

Maboya yalihesabiwa Ijumaa, sio Jumamosi ufuoni. Rafiki yangu alikwenda mwenyewe Fumba akayaona, ya wakubwa yalitosha, ya watoto yalikuwa manne na watoto wa kuvaa walikuwa kumi kasoro, yakaazimwa mengine kwa boti jirani. La mtoto wa miezi minane halikupatikana saizi yake. Shauri langu lilikuwa mtoto asiende, abaki na mama yake mdogo Mbweni. Mama mtu hakukubali, akasema mtoto atakuwa mikononi mwake muda wote. Mikono si boya, na hilo nililisema, likabaki ni uamuzi wao, nahodha naye akaweka sharti kwamba mama na mtoto wakae katikati na fungu hawaendi. Bado sijaliafiki.

Na kuhusu baibui: likilowa ni zito na linajikunja miguuni. Kina mama walikubaliana wavae dera jepesi au suruali na kanzu fupi ndani, boya lifungwe juu ya nguo nyepesi, baibui na mtandio ndani ya begi la nailoni, wakifika Fumba wanavaa. Kwa kuwa chombo ni cha familia peke yake na mabaharia ni watu wa heshima hakukuwa na mtu wa kuona haya. Hiyo ndo sababu ya kukodi kizima badala ya kuchanganyika na watalii, na hata kama ni ghali kidogo kwa familia nyingi za kwetu hakuna njia nyengine.

Chakula nitapita haraka maana hapo watu hawahitaji kufundishwa. Wali na samaki wa kuchoma vilipikwa Kwale na mabaharia, changu na kamba na pweza, Bi Mkubwa aliletewa chakula chake kutoka nyumbani, kisicho na chumvi nyingi, na dawa zake zilikuwa kwenye kimkoba cha mkononi mwa binti yake, sio kwenye begi kubwa lililo chini ya barafu. Maji ya kunywa tulipiga hesabu ya lita mbili kwa mtu, hiyo ni lita 46. Wakaenda na chache kuliko hapo wakisema kuna madafu. Tangawizi ya kutafuna na dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla ya kupanda kwa wanaoujua udhaifu wao. Halafu shuka na mataulo makavu kwa watoto, nalo lilizua kicheko, "mnatupeleka Ulaya?" Julai maji ya Menai yako kwenye nyuzi 25 au 26 hivi, mtoto anaogelea nusu saa, anatoka, kusi linampiga amelowa, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Alfajiri ya Ijumaa na ya Jumamosi rafiki yangu aliangalia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na akampigia nahodha. Mjomba aliyebaki Mbweni aliachiwa majina yote 23, namba ya nahodha, na saa ya kurudi: isipofika saa kumi na moja hajasikia kitu, aanze kupiga simu.

Siku yenyewe ilikwendaje? Walichelewa dakika 40 kama kawaida yetu, na kwa vile yalikuwa maji ya kujaa ucheleweshaji haukumuumiza mtu, boti ndogo ilimsogeza Bi Mkubwa mpaka ngazini na akapanda kwa miguu yake. Kwale walifika vizuri. Walikula baada ya kusali Adhuhuri, inayoingia saa sita na nusu hivi msimu huo, mikeka ilikuwepo. Kwenye saa saba kusi likapanda zaidi ya ilivyotarajiwa, nahodha akasema Pungume haendi, fungu atawapeleka la karibu kwa saa moja tu na watoto wasivuke mstari aliouchora yeye na nanga. Shemeji akataka kubishana, akakumbushwa na Ami yuleyule aliyenuna Alhamisi kwamba mwenye chombo keshasema. Saa tisa na nusu wakatweka tanga, injini kimya, na wote waliokuwa wanalalamika kichwa cha fungu ni kidogo wakanyamaza. Kijana mmoja alitapika, wa boti ndogo, sio wa mashua.

Pesa ziligawanywa kwa watu wazima wenye kipato, watoto na wazee bure, wa Maskati wakabeba ya mashua na wa Mbweni wakabeba boti ndogo na chakula. Shangazi wa Mwanakwerekwe alileta halwa na hakutoa kitu chengine na hakuna aliyemuuliza. Kilichobaki kwenye grupu mpaka leo ni mjadala wa mwakani: wa Maskati wanataka waje Disemba badala ya Julai, wakati wa kaskazi, skuli za kule ziko wazi kwa hiyo watoto hawatakuja wote, na Bi Mkubwa ameshasema yeye anachotaka kujua ni mwezi ngapi mwandamo, hizo tarehe nyengine wataamua wenyewe.